Karata Mbili Mbele ya Mkwe

Jumapili iliyopita niliwaacha ghalani kwa Burito, mnunuzi wa pamba, pale Bunda, mimi nimekaa juu ya gunia la pamba, sikio la kushoto linavuja damu. Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, nitarudia kidogo tu.

Mimi Florian nilikuwa fundi mitambo kiwanda cha nguo, Musoma, mpaka siku walipotupunguza. Nikahangaika, nikapata kibarua cha upishi kwenye kambi ya wazungu watafuta dhahabu, huko juu ukishaipita Butiama. Kule nilijifunza kupika viazi visivyo na chumvi, na nilijifunza kucheza poka. Viazi havijanidhuru.

Mdogo wangu Clementi alipata ukarani wa mizani kwa Burito. Ulikuwa ule msimu watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, kila mwenye lori akajiita kampuni. Clementi akagundua mizani ya bosi wake inakula kilo kadhaa kwenye kila gunia. Mtu mwenye akili angenyamaza ale mshahara wake. Yeye akawaambia wakulima.

Burito akamfungia stoo, kisha akanitumia ujumbe nyumbani kwangu Nyasho, mjini Musoma, nije mara moja, na nikipitia polisi nije na jeneza. Nilipofika alinipokea kwa kofi, hilo la sikio. Halafu akaniagizia soda.

Sasa tuendelee.

Nilidhani atataka fidia. Wapi! Burito alitaka poka. Wanunuzi wakubwa wa pamba waliotoka nje walikuwaga wanakutana Musoma kila Jumamosi, wanacheza, na hapo mezani ndipo walipogawana nani anunue upande gani. Burito alikwenda mara moja akaketi nao. Hakujua hata mtu anashika karata ngapi. Walimcheka mpaka mhudumu wa bia akacheka. Tangu siku hiyo roho yake haikutulia, na aliposikia karani wake ana kaka anayeujua mchezo ule, akaona Mungu kamjibu.

Masharti yake aliyataja taratibu, kama mtu anayeagiza chakula. Nimfundishe sheria zote. Akishazielewa tutacheza mchezo mmoja wa kweli, mmoja tu. Nikishinda, Clementi anatoka mzima. Nikishindwa, Clementi anakatwa mkono wa kulia, ule ulioshika kalamu na kuwaandikia wakulima kilo zao.

"Na panga utashika wewe," akaniambia. "Mimi sitaki kesi."

Nikamwambia huo ni unyama. Akakubali kwamba ndiyo, ni unyama, akanisukumia pakiti ya karata.

Vile vibonge vya plastiki vya wazungu hatukuwa navyo, tukatumia mbegu za pamba, kila mtu bakuli lake. Nikaanza somo. Kila mchezaji anapewa karata mbili, anazificha. Akiziona hazimfai anakunja, maana yake anazitupa chini na mchezo ule haumhusu tena. Akiziona zinamfaa anaweka mbegu katikati, na wenzake wanamfuata, au wanamwongezea, au wanakunja. Kisha zinafunuliwa karata tatu mezani, za wote. Mnaweka tena. Inafunuliwa ya nne, mnaweka tena. Ya tano, basi. Mbili zako na tano za wote ni saba, na kwenye saba unachagua tano zilizo bora.

Burito akauliza bora ni zipi. Nikamtajia zote kwa mpigo, haraka haraka, nikidhani nikimaliza mapema nitaondoka mapema. Hakuelewa. Wala hakukasirika. Alimtazama tu Wenceslaus.

Huyo Wenceslaus lilikuwa jibaba lililokuwaga likiimba besi kwenye kwaya kabla halijaajiriwa na Burito. Akachukua kiboko ukutani, ile ngozi ya kiboko mwenyewe wa ziwani, akafungua mlango wa stoo, akaingia. Tukasikia fimbo tatu. Tukamsikia Clementi. Wenceslaus akatoka, akakaa, akajipangusa jasho.

"Mwalimu hapigwi," Burito akanieleza. "Mwalimu anaheshimiwa. Endelea."

Ndugu zangu, siku ile nilijua kufundisha. Walimu wote walionichapa shuleni sikuwahi kuona mmoja wao akifundisha kama nilivyofundisha mimi. Nilichukua mambo aliyozaliwa nayo. Karata mbili zinazofanana, nikamwambia, ni mume na mke. Tatu zinazofanana ni mume na wake wawili, hao wanashinda jozi. Tano zinazofuatana kwa namba ni watoto watano wa mama mmoja, na hao wanashinda mume na wake zake. Tano za alama moja, ziwe kopa tupu au shupaza tupu, huo ni ukoo, na ukoo unawashinda watoto. Halafu kuna ile wazungu wanaita fulu: tatu zinazofanana, pamoja na jozi. Hilo ni boma lililokamilika, mume na wake wawili ndani, na fahali na jike zizini. Boma linaushinda ukoo.

"Boma linaushinda ukoo," Burito akarudia, akacheka. Alikuwa na akili nyepesi, nisimsingizie.

Hata hivyo alichanganya watoto na ukoo mara mbili. Mara ya kwanza Clementi alilia akaniita jina. Mara ya pili hakulia. Nikainuka kwenda mlangoni, Wenceslaus akanirudisha kwa teke la tumbo, akaniambia nisiwe na wasiwasi, anapumua.

Ilipofika saa nane mchana Burito alikuwa anacheza. Lakini nilikuwa namshinda, kila mara namshinda, na akaanza kuniuliza namna gani namjua akiwa na kitu na akiwa hana. Hapo ndipo ningefunga mdomo wangu. Kiburi tu. Nilikuwa nimepigwa, nimeogopa, na mtu ananisikiliza kama padri. Nikasahau anayenisikiliza ni nani.

"Usitazame karata zako," nikamwambia. "Tazama uso wa mwenzako. Karata haisemi kitu, uso ndio unaosema."

Halafu akaniagizia soda ya pili, na mimi, haki ya Mungu, nikaona raha.

Sikumaliza hata nusu ya ile soda. Pale nje kulikuwa na wakulima kama ishirini wanasubiri kupima, wamekaa juu ya magunia yao, na nikawasikia mmoja baada ya mwingine wanamwamkia mtu kwa heshima. Mlango ukafunguliwa. Nikaona miguu, nikaona fimbo, nikasimama upesi nikaangalia chini. Alikuwa Mzee Masatu, baba yake Pelagia, mke wangu.

Baadaye ndiyo nilijua kwamba Pelagia, nilipoondoka Nyasho, na yeye alipanda gari akaenda kumlilia baba yake. Mimi nilikuwa nimemkataza. Mzee alikuwa mkulima wa pamba na mfanyabiashara wa ng'ombe, minada yote ya Bunda anajulikana, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Akamwambia Burito amekuja kumchukua Clementi, kijana wa ukweni kwake.

Sasa msomaji wa mbali lazima nikueleze. Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani unaacha njia, unaingia kwenye majani mpaka apite. Humpi mkono, huketi naye, hubishani naye, na kama kuna neno, linapita kwa binti yake. Nilikuwa na miaka tisa ndani ya ndoa, na ukiniuliza Mzee Masatu ana mwanya au hana, sijui.

Burito naye ni mtu wa huku huku. Alinitazama nilivyoinama, akamtazama mzee, na nikamsikia anacheka kwa puani. Akavuta kigoda cha tatu, akakiweka upande wa pili wa meza, kinatazamana na changu.

Mzee akauliza tangu lini wakwe wanakaa meza moja. Burito akamjibu kwamba mchezo wa watu wawili hauna utamu. Akamweleza masharti: mmoja wetu akichukua rundo la mbegu, awe mimi au mzee, Clementi anatoka. Yeye Burito akichukua, mkono unabaki pale. "Nyie wawili, mimi mmoja. Mnalalamika nini?"

Mzee akafikiri, akaketi. Mimi sikuketi mpaka Wenceslaus aliponikalisha kwa kunibana shingo.

Burito mwenyewe ndiye aliyemfundisha mzee, kwa majivuno, mume na mke, watoto, ukoo, boma, na mzee akasikiliza bila kuuliza swali, kama anavyosikiliza bei ya ng'ombe. Kisha Burito akaamuru mlango mkubwa ufunguliwe, ukazuiwa na jiwe, ili wakulima waone kwamba hakuna aliyeonewa. Wakasogea, wakajaa mlangoni.

Wenceslaus akagawa. Nikafunua pembe za karata zangu. Kingi. Kingi.

Akafunua tatu za katikati: tisa ya kopa, kingi ya kopa, tisa ya shupaza. Nilihesabu mara mbili. Kingi tatu, tisa mbili. Boma zima nilikuwa nalo, na Clementi alikuwa kama ametoka. Vidole vyangu vikaanza kutetemeka juu ya karata, nikavikalia, vikatetemeka huko huko chini.

Ya nne ikatoka, nne ya kopa. Burito akaacha kutafuna njiti yake, akasukuma mbegu nyingi. Nikajua kapata ukoo wake wa kopa. Mzee akamfuata, nami nikafuata. Ya tano ikatoka mbili ya pau, haina maana kwa mtu yeyote.

Ilikuwa zamu ya mzee. Akashika bakuli lake kwa mikono miwili, akalipindua. Mbegu zote zikamwagika katikati, nyingine zikaanguka chini.

"Zote," akasema.

Ikawa zamu yangu. Nisikilizeni vizuri hapa, maana dhambi yangu ndiyo hii, na nimeibeba miaka yote hii bila kumwambia hata padri.

Kitu cha kunishinda kilikuwa kimoja tu duniani, mtu mwenye zile tisa nyingine mbili, maana nne zinazofanana zinalishinda hata boma. Kumjua kama anazo nilitakiwa kuinua macho nimtazame mzee. Basi. Kuinua macho. Burito alikuwa ameegemea nyuma, anatabasamu, anasubiri nifanye kile nilichomfundisha mwenyewe.

Mzee akakohoa. Akakohoa tena. Nikadhani ni vumbi la pamba.

Nikajiambia, huyu ni mzee ambaye hajawahi kucheza kamari hata ya kuku. Mtu kama yeye hamwagi bakuli zima bila kitu mkononi. Anazo tisa mbili. Na kama anazo, yeye atashinda na Clementi atatoka vile vile. Kwa nini basi nimfuate? Nisukume mbegu zangu dhidi ya baba wa mke wangu, mbele ya watu ishirini wanaomfahamu, nishindane naye uso kwa uso? Nikaacha njia apite, kama ninavyofanyaga siku zote.

Nikakunja.

Wakulima wakaguna. Burito akamfuata mzee kwa bakuli zima, akafunua karata zake, kopa mbili. Ukoo. Mzee akafunua zake. Saba na tatu. Hakuwa na chochote.

Burito akanyoosha mkono, akaokota karata nilizozitupa, akazigeuza. Kingi mbili zikalala pale mbele ya watu wote. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akampiga Wenceslaus mgongoni, akasema boma linaushinda ukoo, mwalimu kanifundisha mwenyewe.

"Florian," mzee akaniita.

Ilikuwa mara ya kwanza jina langu kutoka kinywani mwake bila kupita kwa Pelagia.

"Sikuwa na kitu. Niliona vidole vyako, nikajua wewe unazo. Nilitaka kumvuta huyu aingie mzima mzima ummalize. Nimekohoa, nimekukonyeza, nimekutolea macho mpaka yameuma. Kwa nini hukunitazama?"

"Baba, ningekutazamaje?"

Wakamtoa Clementi. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, shati limegandia mgongoni, na midomo imevimba hivi kwamba maneno yalikuwa yanatoka nusu nusu. Wenceslaus akampigisha magoti mbele ya mizani, akauvuta mkono wa kulia akaulaza juu ya bao la mizani, akaukandamiza kwa goti. Burito akanipa panga, akarudi nyuma, karibu na mzee, ili asipate damu kwenye viatu.

Niliomba. Sitaficha, nilipiga magoti nikaomba, nikataja watoto wa Clementi, nikamwambia anikate mimi. Akasema sheria ni sheria, wazungu hawarudishi mchezo.

"Kaka," Clementi akasema, "fanya haraka."

Nikainuka. Nikanyanyua panga. Nilipoliteremsha halikwenda kwa mdogo wangu, lilikwenda kwa Wenceslaus, ubapa, kwenye sikio, kwa nguvu zote za kiwanda na kambi na kofi la asubuhi. Akaanguka kama gunia. Mkono wa Clementi ukatoka.

Burito alikuwa na kiboko tayari. Pigo la kwanza lilinipasua kwenye nyusi, damu ikajaa macho. La pili lilinizunguka shingo, akanivuta. Nikamwona mzee, kama kivuli, anamrukia kwa nyuma na kumkaba. Mtu aliyeshika pembe za ng'ombe miaka arobaini ana mikono. Burito alitoa macho, kiboko kikaanguka. Wakaanza kuzunguka wote wawili, wanagonga magunia, mara mgongo wa huyu, mara mgongo wa yule. Nikajifuta damu kwa kiwiko. Nikaliona bega la Burito, shati lake la maua. Nikashusha panga, makali mbele, na roho yangu yote ilikuwa inataka kuua.

Burito akainama.

Panga lilipoingia nilijua kwa mkono kwamba limeingia kwenye nyama. Nikajua pia si nyama ya Burito, maana Burito alikuwa amepiga magoti pembeni yangu anatafuta pumzi. Mzee Masatu alikaa chini taratibu, kama anayetafuta mahali pa kukaa, akashika bega lake, damu ikapita katikati ya vidole. Alinitazama. Na mimi, sasa, nikamtazama. Kisha kichwa chake kikalala.

Wakulima walikuwa wameshaingia. Walikuja kwa ajili ya Burito, mwenye fimbo na fimbo, mwenye jembe na jembe, kilo zao za msimu mzima ziko midomoni. Wa mbele walimfikia, wakamshika kola. Tungekuwa tumeshinda, ndugu zangu. Dakika moja tu.

Burito akainua mikono yote miwili. Hakupiga kelele.

"Nipigeni," akasema. "Mimi ni mwizi wa kilo. Lakini mtazameni kwanza mwenye panga. Amemkata mkwe wake."

Kwetu aliyeiba anatozwa, aliyeua anatoa ng'ombe, wazee wanakaa, mambo yanakwisha. Aliyemwaga damu ya mkwe hana ng'ombe wa kutoa. Niliona ile mikono inamwachia Burito kola, mmoja mmoja. Niliona fimbo zinageuka. Clementi akajaribu kuwaambia kwamba nilikuwa namwokoa, lakini mdomo wake haukuweza kulitoa neno, wakamsukuma akaanguka juu ya mbegu.

Nilitaka kulitupa panga na vidole vikakataa kufunguka.

Nyuma ya watu nikasikia sauti ya mwanamke anaomba njia. Alikuwa Pelagia. Alikuwa amemfuata baba yake. Alipofika mbele hakupiga yowe. Alipiga magoti, akavua khanga yake ya juu, akamfunga mzee bega, akakaza, akakaza tena, damu ikapenya. Mzee hakufumbua macho.

"Nani?" Pelagia akauliza.

Wote walikuwa wananitazama mimi.

"Ni mimi, Pelagia," nikasema. "Lakini nilikuwa nam..."

Hakungoja nimalize. Alisimama, akatembea mpaka mlangoni, akainama, akaokota lile jiwe lililouzuia mlango. Alipogeuka nalo kuja kwangu, watu wote wakampisha.